Zamu Moja Tu: Siri ya Mvuto wa Mweso Mpakani Busia na Tororo

Msafiri aingiaye Busia, atoke upande wa Kenya au upande wa Uganda, hujifunza kwanza jambo moja, nalo ni kungoja. Dereva wa lori hungoja karatasi zake zipigwe mhuri. Mwenye baiskeli hungoja mzigo. Mbadilisha fedha, na bunda lake mkononi, humngoja mtu mwenye shilingi za Kenya anayetaka za Uganda. Mama muuza samaki hungoja jua lipungue ili wanunuzi watoke. Hata askari aliyesimama penye kizuizi, kazi yake kubwa ni kungoja kwa macho yaliyo wazi.

Lakini pembeni mwa barabara, chini ya mwembe au chini ya upenu wa duka, hukutwa watu ambao kungoja hakuwaelemei. Wawili wameketi wakitazamana, na wengine wanane au kumi wamewazunguka. Baina ya wale wawili pana kipande cha ubao kilichochongwa matundu, na ndani ya matundu zimo mbegu zilizong'arishwa na vidole vya miaka mingi. Mkono mmoja unachota, unazunguka, unaangusha mbegu moja moja kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliwezi kuifuata. Watazamaji wanaguna. Mmoja anacheka. Aliyechezewa hasemi neno. Amekunja uso, anahesabu.

Huo ndio mweso, ambao kwa Kiganda huitwa omweso, na ambao ni ndugu wa damu wa bao la Waswahili wa pwani na ajua ya Wajaluo. Huko Tororo, chini ya lile jabali kubwa linaloonekana kutoka mbali kabla mji wenyewe haujaonekana, na vilevile kando ya reli na barabara kuelekea Malaba, mchezo huu umewapitishia watu saa nyingi za kungoja. Swali linaloulizwa na wake za wachezaji, na aghalabu na wakuu wao wa kazi, ni hili: mbegu 64 na matundu 32 vina nini hata vimshike mtu mzima, mwenye akili timamu na majukumu, asiweze kuondoka?

VITA VYA SAFU NNE

Kabla ya kujibu swali hilo yafaa kuzieleza sheria, kwa kuwa mvuto wa mchezo umo ndani ya sheria zake.

Bao la mweso lina safu nne, na kila safu ina matundu manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, yaani matundu 16: ya mbele manane yanayomkabili adui, na ya nyuma manane yaliyo karibu na kifua chake. Kete zote ni 64, na kila mmoja huanza na 32. Kete hizo mchezaji huzipanga kwa hiari yake, kama kamanda apangavyo vikosi kabla ya alfajiri. Mmoja huzilundika pembeni, mwingine huzitawanya, na wenye uzoefu humtambua mpinzani kwa mpango wake hata kabla hajacheza.

Zamu inapofika, mchezaji huchagua tundu lake moja lenye kete 2 au zaidi, huzichota zote, kisha huangusha moja moja katika matundu yake yanayofuata, akizunguka kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia tundu tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia tundu lenye kete, mchezaji huzichota zote pamoja na ile iliyoanguka, na safari huendelea. Kwa hiyo zamu moja yaweza kuwa ya kupepesa jicho, nayo yaweza kuzunguka bao mara mbili au tatu huku watazamaji wakiwa wameshika pumzi.

Kuteka kwenyewe hufanyika hivi. Kete ya mwisho ikianguka katika tundu la mbele ambalo tayari lina kete, na matundu mawili ya adui yanayolikabili, la mbele na la nyuma, yote mawili yakiwa na kete, basi mchezaji hutwaa zote zilizomo ndani ya matundu hayo mawili ya adui. Kete hizo hazitupwi nje. Huzirudisha mahali alipoanzia mzunguko ule, akazipanda katika matundu yake mwenyewe, na safari yake huendelea.

Hapo ndipo askari yeyote ataona kwamba mchezo huu ulibuniwa na watu walioijua vita. Mateka hugeuka kuwa jeshi la aliyewateka. Mtu akipoteza kete 5, adui hakuzidi kwa 5 tu. Amezidi kwa 10, kwa kuwa zile zilizotoka huku zimeingia kule. Hesabu ya kete zote haibadiliki, ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni nani azimilikiye.

Tena iko kinga. Kwa kuwa adui hawezi kuteka mpaka matundu yote mawili yawe na kete, mchezaji mwenye busara huacha tundu la nyuma tupu ili la mbele lisalimike. Mgeni huona tundu tupu akadhani ni udhaifu. Mzoefu huona ngao. Na mshindwa ni yule ambaye zamu yake imefika akakuta hana tundu hata moja lenye kete 2. Huenda bado anazo kete kadhaa, lakini zimetawanyika moja moja, na moja peke yake haiwezi kuondoka mahali ilipo. Jeshi lipo, lakini haliwezi kutembea.

HAPANA BAHATI, HAPANA SIRI

Sasa swali la mvuto laweza kujibiwa, na jibu lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kwamba katika mweso hapana bahati. Hapana dadu inayorushwa, wala karata iliyofichwa mkononi. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na hata mtoto aliyesimama nyuma ya mabega ya wazee anaona yote wanayoyaona wao. Mtu aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Hawezi kusema karata zilikuwa mbaya, wala refa alipendelea. Alishindwa kwa sababu mwenzake aliona mbali kuliko yeye. Uchungu wa kushindwa namna hiyo ni mkali, lakini una faida moja kubwa: humfanya mtu aamini kwamba akicheza tena, na akafikiri vizuri zaidi, atashinda. Ndiyo sababu aliyeshindwa ndiye aghalabu asemaye, "Panga tena."

Ya pili ni kwamba, ingawa yote yako wazi, hakuna awezaye kuyaona yote. Kete moja ikisogezwa, tundu lililokuwa tupu linajaa na lililojaa linakuwa tupu, na safari iliyokuwa iishie hapa sasa itaendelea hadi kule. Mchezaji hodari huhesabu safari nzima kichwani kabla ya kugusa kete. Kisha huhesabu jibu la adui. Kisha jibu lake kwa jibu hilo. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, alitoa katika Chuo Kikuu cha Leiden kazi yake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichunguza ni kwa kiasi gani akili ya binadamu yaweza kuhesabu na kukumbuka mabadiliko ya namna hiyo. Mchezo ambao baadhi ya wasomi wa kikoloni waliuona kuwa kipumbazo cha wavivu umekuwa kipimo cha nguvu za akili.

Ya tatu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni zamu yenyewe. Katika mpira wa miguu mchezaji husukumwa na wakati. Akichelewa, mpira umekwenda. Katika mweso dunia husimama ikimngoja. Mtu ambaye kutwa nzima ameamriwa na wengine, akaambiwa simama hapa, leta karatasi, ngoja mhuri, sasa ameketi mbele ya matundu 16 ambayo ni milki yake, na hakuna kitakachotokea mpaka yeye aamue. Akisha kuamua, mara moja anaona matokeo. Na kila tokeo linafungua swali jipya: adui atajibuje? Haiwezekani kuinuka kabla ya kujua. Akisha kujibu adui, zamu imerudi, na mtu anajiambia, "Zamu moja tu, kisha naondoka." Kumbe jua limekwisha kutua.

MASHINE ZIMEJIFUNZA SIRI ILE ILE

Vijana wanaweza kudhani mvuto wa namna hii umeletwa na kompyuta na simu. Sivyo. Mwaka 1991 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, uliotungwa na Sid Meier. Mchezaji wa mchezo huo huanza na kikundi kidogo cha watu mnamo mwaka 4000 kabla ya Kristo, akajenga miji, akafungua barabara, akaunda majeshi, akafanya mapatano na mataifa mengine. Miongoni mwa viongozi waliowekwa humo tangu toleo la kwanza yumo Shaka wa Wazulu. Mchezo huo haukimbii. Huenda kwa zamu, na kila zamu mchezaji hupewa nafasi ya kufikiri kadiri atakavyo.

Sifa iliyouvumisha duniani si uzuri wa picha, kwani za mwaka 1991 zilikuwa picha duni kwa macho ya leo. Ulivuma kwa sababu watu walikuwa wakikaa mbele ya mashine hadi usiku wa manane, kila mara wakijiambia kwamba watacheza zamu moja zaidi. Wachezaji wa Ulaya na Marekani waliyafanya maneno hayo kuwa mzaha wao wa kila siku, wala hawakujua kwamba chini ya miembe ya Busia yalikuwa maneno ya zamani.

Maana mweso ni mkongwe. M. B. Nsimbi, mwandishi mashuhuri wa lugha ya Kiganda, aliuandikia kitabu kizima kilichotolewa mwaka 1968, na kabla yake, katika miaka ya 1930, jarida la Uganda Journal lilikwisha kuchapa maelezo ya sheria zake. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, safu za matundu ya bao zimechongwa katika mwamba, na waliozichonga hawakuacha majina yao. Wala mchezo huu haukuwa wa wasio na kazi peke yao. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alijulikana kwa kupenda bao, na watu walimkuta ameinama juu ya kete kama mzee mwingine yeyote wa kijijini.

BAO MOJA, SHERIA MBILI

Mpaka wa Busia na Malaba una jambo lake la pekee katika habari hii. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiunganisha na himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo watu wa ukoo mmoja walijikuta wakihesabiwa chini ya serikali mbili. Hadi leo Wasamia wapo pande zote mbili, na Wateso wapo pande zote mbili. Mtu huvuka kwenda kumzika shangazi yake akarudi jioni.

Juu ya hayo, barabara kuu itokayo Mombasa huwaleta madereva wa pwani, na dereva wa pwani hulifahamu bao lake. Akiketi kando ya mzee wa Tororo, wote wawili hufurahi, kwani wanaona safu nne, matundu manane kila safu, na kete 64. Wanadhani mchezo ni mmoja. Lakini bao la Kiswahili halianzi kwa kupanga kete zote. Kila mchezaji huweka 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika tundu liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi, zikaingizwa moja moja kila zamu. Tena katika bao la Kiswahili mwenye safu ya mbele iliyobaki tupu ameshindwa, hata kama nyuma amejaza kete. Katika mweso, mbele kuwa tupu si mauti.

Basi dereva akicheza kwa sheria ya pwani na mzee kwa sheria ya bara, bila kuelewana kwanza, ugomvi hauko mbali. Kila mmoja atamwona mwenzake mdanganyifu, kumbe wote wawili ni waaminifu. Wazee wa mpakani wanalijua hilo, na swali lao la kwanza kwa mgeni si la ustadi wake. Humwuliza, "Kwenu mnachezaje?" Huafikiana juu ya sheria, kisha hucheza.

Swali hilo lina maana kwa wenye kazi ya ulinzi. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja ili msafiri asisimame mara mbili. Kila nchi imebaki na sheria zake. Kilichobadilika ni kwamba wenye sheria hizo sasa huketi wakitazamana. Askari anayejua kwamba mwenzake wa ng'ambo si mkaidi bali anafuata sheria nyingine, amekwisha kuepusha nusu ya ugomvi.

NYUMBA YA MFANO

Pamoja na sifa zote hizo, mweso una hasara, na haifai hasara hiyo ifichwe. Chukulia nyumba ya konstebo mmoja katika laini za polisi za mji wa mpakani. Nyumba yenyewe ni ya mfano tu, lakini wasomaji wengi wataitambua.

Konstebo huyo alikuwa na zamu ya usiku, nayo ikaisha alfajiri. Mkewe alimwambia jana yake kwamba mtoto wao mdogo amechemka mwili siku mbili, na kwamba asubuhi wampeleke pamoja zahanati, kwa kuwa fedha za dawa na nauli zilikuwa mfukoni mwake. Alikubali kwa moyo mweupe. Njiani alipita penye mwembe. Rafiki yake mmoja alikuwa amempiga mpinzani vibaya, na kiti kilikuwa wazi. Akaketi kwa zamu moja tu.

Alipofika nyumbani saa saba mchana, mkewe alikuwa amekwisha kukopa kwa jirani, akaenda na mtoto mgongoni, akakuta foleni ndefu, akarudi na vidonge. Hakupiga kelele. Alimwandalia chakula akanyamaza, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko maneno. Mtoto alipona. Lakini jioni ya kesho yake, konstebo alipotoka nyuma ya nyumba, alimkuta mkewe ameinama, kijiti mkononi, amechimba ardhini safu nne za matundu manane, na pembeni ameweka maharagwe katika kibakuli.

"Baba Okello," akasema, "kaa hapa unifundishe."

"Mama Okello, mchezo huu ni wa wanaume."

"Na kungoja ni kwa wanawake?"

Mume hakuwa na jibu. Akaketi.

Zamani, katika nyumba nyingi, bao lilihesabiwa kuwa baraza la wanaume, na mwanamke aliyelikaribia alionekana kuvunja adabu. Mwanamke yule hakutaka kuvunja adabu. Alitaka kukijua kile kilichokuwa kikimshinda mumewe. Kwa majuma mengi alishindwa kila siku, naye akawa haulizi juu ya kete alizopoteza, aliuliza, "Uliona lini kwamba ningecheza hivyo?" Mume, akijaribu kumweleza, aligundua kwamba hajawahi kufikiri juu ya fikra zake mwenyewe. Okello, mtoto wao wa darasa la nne, akaanza kuchungulia, kisha akaanza kuhesabu. Na mama akaweka sharti moja: sufuria ikiteremshwa jikoni, kete zinalala, hata kama mtu yuko karibu kushinda. Mume alilalamika siku za kwanza. Baadaye alikiri kwamba hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko mweso wenyewe.

ZAMU NA ZAMU

Kiswahili kimelipa neno zamu maana mbili zilizo jirani. Ni nafasi ya mtu kucheza, nayo ni saa za mtu kulinda. Askari anazijua zote mbili, na ni yeye anayepaswa kujua tofauti yake. Zamu ya mweso ikiachwa, hakuna kitakachoharibika. Kete zitangoja hadi kesho katika matundu yale yale. Zamu ya lindo ikiachwa, mlango uko wazi na wenzake wamelala. Na zamu ya nyumbani, ya kumpeleka mtoto zahanati au kukaa na mwenzi baada ya siku ndefu, ni lindo pia, ingawa haikuandikwa katika daftari la kituo.

Hatari nyingine ni fedha. Mweso wenyewe si kamari, kwa kuwa hauna bahati ndani yake. Lakini mara watazamaji wanapoanza kuweka shilingi juu ya nani atashinda, mchezo umekwisha kubadilika. Mshindwa hapotezi tena kete zinazoweza kurudi. Anapoteza unga, sabuni na ada ya shule. Baraza la heshima hukataza fedha kuwekwa karibu na bao, na familia ifanye vivyo hivyo.

KWA WAZAZI

Mzazi anayetaka kuanza nyumbani hahitaji kununua kitu. Ardhi ngumu iliyofagiwa yatosha, na kijiti cha kuchimbia. Kete zaweza kuwa maharagwe, mbegu kavu au kokoto laini zilizooshwa. Jambo moja la kuangalia: pasiwe na mtoto mchanga anayetambaa karibu, maana mbegu ndogo huingia mdomoni na puani upesi. Mchezo ukiisha, kete zihesabiwe zote 64 na kufungwa katika kitambaa. Kuhesabu huko kwenyewe ni somo.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba, anza na safu mbili tu, na kete chache, ili ajifunze kuangusha moja moja bila kuruka tundu. Akisha kuzoea mkono, mwongezee safu. Usimwachie ashinde kwa makusudi, maana atajua, na ushindi wa kupewa hauna ladha. Ila usimshinde ukamcheka. Baada ya kila mchezo rudini nyuma kidogo, umwonyeshe tundu ambalo angelichagua likamwokoa. Mtoto anayejifunza kwamba kushindwa kuna sababu, na kwamba sababu yaweza kutafutwa na kuonekana, amepata silaha atakayoitumia katika hesabu za darasani na katika maisha.

Na kama kijana ana simu au kompyuta, na anapenda michezo ya kuongoza miji na majeshi kwa zamu, asifukuzwe kama mtu aliyepotea. Aketishwe mbele ya bao, aulizwe kama anaiona jamaa iliyopo baina ya michezo hiyo. Huenda babu na mjukuu, ambao hawakuwa na la kuzungumza, wakajikuta wanalo. Tofauti ni kwamba mashine haimwoni anayecheza nayo. Babu humwona, humsikia akipumua, na hujua siku ambayo mjukuu anacheza vibaya kwa sababu ana jambo moyoni.

Jioni inapoingia Busia, malori yaliyopata mhuri huondoka na mengine huingia mahali pao. Chini ya mwembe wachezaji wanaanza kukaza macho, kwani giza limefika ndani ya matundu. Hapo ndipo bingwa wa kweli hujulikana. Kila mmoja pale aweza kusema, "Zamu moja tu." Bingwa ni yule anayezisogeza kete katikati ya ubao, akampa mwenzake mkono, akasema, "Tutaonana kesho, mzee," na akafika nyumbani kabla sufuria haijateremshwa.